Huyu Mtu Amenijuaje?

Mtu aliyempigia shangazi yangu simu asubuhi ile alimwita Waya. Kwa Dholuo, waya ni shangazi wa upande wa baba, na jina hilo hupewi na mtu wa njiani. Wanaokuita hivyo ni watoto wa ndugu zako. Kwa hiyo shangazi, aliyekuwa ufuoni Usenge akianika upya omena, dagaa wa ziwani, aliyoiweka akiba, aliitikia kama anavyotuitikia sisi. Akauliza watoto wameamkaje. Sauti ya upande wa pili haikujibu salamu. Ilimwambia kwamba mpwa wake amechelewa kulipa deni kwa siku 19, kwamba yeye kama mtu wake wa karibu amsukume alipe, na kwamba jamaa wengine watapigiwa mmoja baada ya mwingine hadi pesa zipatikane.

Jioni shangazi alinipigia. Hakutaja kiasi cha deni. Alisema, "Mwanangu, huyu mtu amenijuaje?"

Ilituchukua siku mbili kupata jibu. Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ni mvuvi katika mtumbwi wa omena. Mwezi wa Aprili alikuwa amekopa shilingi 2,500 kupitia apu ya mikopo, na siku alipoiweka apu hiyo kwenye simu yake iliomba ruhusa ya kusoma majina na namba zote alizohifadhi humo. Bila ruhusa hiyo mkopo haukutoka. Akabonyeza kukubali. Shangazi alikuwa amehifadhiwa kama "Waya Usenge", na hivyo ndivyo mtu aliyeketi katika ofisi ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeijua alivyomwita kwa jina la ukoo, akilisoma kwenye kioo cha kompyuta.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia swali lake, kwa sababu linagusa mahali ambapo hotuba nyingi kuhusu faragha hazifiki. Hotuba hizo huzungumza kana kwamba tunachopigania ni siri. Mtu aliyelelewa kando ya ziwa letu la Victoria anajua kwamba siri hazikuwa nyingi. Mtumbwi ukifika, ufuo mzima unaona umebeba nini. Mwenye duka anajua nani amechukua sukari kwa mkopo, nani amerudi kutoka kisiwa cha Remba na pesa mfukoni, na nani nyavu zake zimeibwa usiku. Tulijuana, na simkumbuki mtu aliyelalamika kwamba amejulikana.

Lakini kujuana kule kulikuwa kwa pande mbili. Anayeandika jina lako kwenye daftari la madeni, wewe nyumba yake unaijua. Unajua kama mizani yake ni ya haki. Unajua alivyomtendea mjane wa jirani. Akikuaibisha mbele ya watu bila sababu, na wewe una la kusema, na wapo watakaokusikiliza. Isitoshe, anajua jambo ambalo halikuandikwa popote kwenye daftari lake: kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena hufungwa kisheria ili samaki wazaane, kwa hiyo nyumba inayoishi kwa omena hudaiwa Mei na hulipa Agosti. Hakuna mwenye duka wa Usenge atakayemwita mvuvi mwizi mwezi wa Mei.

Teknolojia haikuleta tabia ya kujua habari za watu. Ilichofanya ni kukata upande mmoja wa kujuana. Aliye upande wa pili anakujua, wewe humjui, na hapo ndipo ilipo dhuluma ninayoizungumzia.

Sisemi haya kwa kuzichukia apu za mikopo. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, kila senti iliyotumwa na kupokelewa ilianza kuacha alama. M-Shwari ikaja Novemba 2012, kisha kampuni kama Tala na Branch, na alama hizo zikawa kipimo cha nani akopeshwe. Mama anayeuza mgongo wazi katika mtaa wa Obunga, Kisumu, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kukata minofu, hakuwa na hatimiliki ya shamba wala karatasi ya mshahara, na meneja wa benki hakuwa na sababu ya kumwinulia macho. Simu ilimpa historia ya kumwonyesha mkopeshaji. Nimeona shilingi elfu tatu zikimrudisha mtu sokoni baada ya mwezi mzima wa kukaa nyumbani, na asiyewahi kukosa elfu tatu asizibeze.

Swali langu ni nani anayeisoma historia hiyo, na anaisomaje. Mashine inayohesabu pesa zinazoingia itaona tu kwamba zimepungua Aprili. Haitauliza kwa nini. Kwa hesabu ya aina hiyo, mvuvi aliyetii sheria akafunga mtumbwi wake anaonekana mteja mbaya kuliko yule anayetoroka usiku kwenda kuvua omena zinazozaana, maana pesa za huyo wa pili hazikukatika. Mwenye duka asingekosea hapo, hata kama darasani hakufika mbali.

Sheria imejaribu kufuata nyuma. Desemba 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitia saini mabadiliko yaliyowaweka wakopeshaji wa mtandaoni chini ya Benki Kuu ya Kenya, na kanuni za Machi 2022 zikawakataza kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Mwisho wa Mei 2023 Google nayo ilizizuia apu za mikopo kusoma orodha ya majina na picha. Septemba mwaka huo Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, akaitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, mmiliki wa KeCredit na Faircash, kwa kutumia namba za watu ilizozipata kwa njia hiyo kuwatumia vitisho. Nilifurahi sana siku ile. Shangazi nilipomsomea habari hiyo aliuliza pesa hizo zimeenda kwa nani.

Kwa watu wetu kukusanyiwa habari si jambo geni, na umbali mdogo tu kutoka Usenge upo mfano ambao ningependa kila mwenye kampuni ya data apelekwe akauone. Huko Asembo na Gem, katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wakishirikiana na CDC, shirika la kudhibiti magonjwa la Marekani, waligawa vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vilivyopatikana kwa kura, wakawahesabu watoto walionusurika na waliofariki. Mwaka 2001 wakaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuandika nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama. Hayo ni maswali mazito. Kumwuliza mama tarehe aliyofiwa na mtoto si jambo dogo kuliko kusoma arafa zake. Lakini anayeripoti vizazi na vifo hivyo ni mkazi wa kijiji hicho hicho, mtu unayeweza kumfuata kwake ukamwuliza anaandika nini na karatasi zinakwenda wapi.

Na matokeo yake yalirudi. Hesabu za vyandarua, zilizochapishwa 2003, zilionyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua, na pia kwamba hata nyumba zisizo na chandarua zilikingwa kama zilikuwa ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa zile zenye navyo. Mbu aliyefia kwa jirani hakuvuka ua kuja kwako. Leo chandarua kinapogawiwa bure kwa kijiji kizima mahali popote Afrika, badala ya kuuziwa mwenye uwezo peke yake, sehemu ya hoja ilitoka kwa akina mama wa Asembo waliokubali kuulizwa.

Chandarua cha jirani kilikukinga wewe ambaye hukupewa. Simu ya jirani inakuweka wazi wewe ambaye hukuulizwa. Ndugu yangu alipobonyeza kukubali, alikubali kwa niaba ya Waya, kwa niaba yangu, ya fundi wa injini kule Mbita, ya mwalimu wake wa darasa la nane na ya kila mtu aliyewahi kumwachia namba. Ridhaa ya mtu mmoja ilihesabiwa kuwa ridhaa ya watu mia mbili. Kama kuna jambo moja ninalotaka wabunge wetu walielewe, ni hilo. Sheria iliyojengwa juu ya ridhaa ya mwenye simu inamwacha Waya nje ya mlango.

Watu wa ukanda huu wanajua pia kukataa. Shirika la GiveDirectly la Marekani lilianza kutuma pesa za bure kwa M-Pesa huko Siaya mwaka 2011, likichagua nyumba za nyasi. Baadaye, karibu na 2014, likajaribu kutumia picha za setilaiti kutenganisha paa la nyasi na paa la mabati. Fikiria hilo kwa utulivu: umaskini wa bibi kizee ukasomwa kutoka angani kabla ya mtu yeyote kubisha hodi. Shirika lilipovuka kwenda Homa Bay mwaka 2015, karibu nusu ya waliofikiwa, asilimia 45, walizikataa pesa. Ulienea uvumi kwamba ni pesa za shetani.

Nairobi walicheka. Mimi sikucheka. Pesa zile zilikuwa za kweli, na waliozipokea Siaya walijenga, walisomesha, walinunua ng'ombe. Lakini ndani ya uvumi ule kulikuwa na swali la mtu mwenye akili timamu: mgeni huyu amepataje kuujua umaskini wangu, na kesho atakuja kudai nini? Lilivaa nguo ya shetani kwa sababu hakukuwa na nguo nyingine ya kulivalisha. Ni swali lile lile la shangazi.

Njoo sasa soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, maana huko ndiko biashara inakofanya kazi na data kila saa bila kuliita jina hilo. Mwuza mitumba anaamka alfajiri, anapiga picha marinda kumi mazuri zaidi na kuyaweka kwenye status ya WhatsApp. Kabla jua halijawa kali, wateja wa mtaa wa Milimani wameshachagua, na bodaboda inasubiri. Anaona nani ametazama na nani amepita. Wanaotazama nao wanamjua, wana namba yake, wanaweza kumrudishia rinda lenye zipu mbovu na kumgombeza mbele ya wenzake. Tangazo la namna hiyo ni daftari la mwenye duka lililopata mbawa, na ninaliombea heri.

Akitaka kuvuka hapo, atalipa Facebook shilingi mia kadhaa ili tangazo lake liwafikie wanawake wa Kisumu wa umri fulani wanaopenda mavazi fulani. Litawafikia. Ila hatawajua ni akina nani. Anayewajua ni Meta, mmiliki wa Facebook, na ujuzi huo anaukodisha kwa siku, kama mkokoteni. Akaunti ikifungwa kwa kosa ambalo hataelezwa, wateja aliowatafuta kwa miaka mitatu wanabaki mikononi mwa kampuni iliyoko California. Tunaposema data ni suala la faragha peke yake, tunamsahau mfanyabiashara huyu. Yeye naye amenyang'anywa kitu: orodha ya wateja wake mwenyewe.

Na mkodishaji wa ujuzi huo si mwuza marinda peke yake. Uchaguzi wa 2017 ulipokaribia, kampuni ya Harris Media ya Texas ilitengeneza kampeni ya mtandaoni iliyoitwa The Real Raila, ikamchora Raila Odinga kama balaa litakaloimaliza nchi, na matangazo yake yakanunuliwa ili yamtokee Mkenya anayelitafuta jina hilo kwenye Google. Shirika la Privacy International lilieleza kazi hiyo kwa kirefu mwishoni mwa mwaka ule. Machi mwaka uliofuata, viongozi wa kampuni ya Cambridge Analytica wakanaswa na kamera za siri za televisheni ya Channel 4 wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za Uhuru Kenyatta mwaka 2013 na 2017. Walioishi katika mitaa ya Kondele na Nyalenda hapa Kisumu Agosti ya uchaguzi ule wanajua hofu iliyokuwa mitaani ilikuwa na uzito gani. Siwezi kusema kwamba tangazo la simu lilimwua mtu. Ninasema kwamba waliotengeneza hofu ile kwa kulipwa hawakuwa wakiishi nasi Kisumu, na wengi wetu hatukuwajua majina hadi kura zilipokwisha kuhesabiwa.

Ningependa kulaumu wageni hadi mwisho wa ukurasa huu, lakini haitakuwa haki. Ingia jengo lolote la ofisi katikati ya mji. Mlangoni kuna meza, juu ya meza kuna kitabu, na ndani ya kitabu unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na unakokwenda, chini ya majina ya wote waliokutangulia. Binti aliye nyuma yako anaisoma namba yako. Mwanamume aliye nyuma yake anaisoma ya binti. Mabinti wangapi wamepokea arafa usiku kutoka kwa mtu aliyeinakili namba kwenye kitabu hicho? Waulize walio nyumbani kwako. Safaricom imeanza kuficha sehemu ya namba ya mteja anapolipa dukani kwa Lipa na M-Pesa, na imefanya vizuri. Kitabu cha mlangoni hakijaguswa.

Mwaka jana nilinunua njugu za shilingi 20 karibu na stendi ya mabasi. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe, na nilipomaliza kula niliifungua. Ilikuwa ukurasa wa kitabu cha wageni cha jengo ambalo nimeliingia mara nyingi: mistari 24, majina 24, vitambulisho 24. Katika safu ya unakokwenda, watu 3 walikuwa wameandika jina la kliniki iliyo ghorofa ya pili. Niliichana vipande vidogo na bado sikuwa na amani, kwa sababu kitabu kina kurasa mia mbili na mwuza njugu alikuwa na rundo.

Kwingine ukurasa huo ungekuwa aibu ndogo. Kwetu sivyo. Kaunti za Homa Bay, Siaya, Kisumu na Migori ndizo zenye viwango vya juu zaidi vya HIV nchini, na hapa kujulikana umeonekana kliniki gani siku gani kunaweza kuvunja ndoa. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza watoto wa shule wanaoishi na virusi waorodheshwe, wakiwemo majina. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuwapa huduma. Shirika la KELIN lilikwenda mahakamani pamoja na wenzake, na Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola akaamua kwamba agizo hilo lilivunja haki ya faragha ya watoto, haki iliyomo katika Kifungu cha 31 cha Katiba. Majaji wetu walilielewa jambo hili kabla hata hatujapata Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Meza ya mlangoni bado.

Sheria hiyo ina kifungu cha 37, kinachokataza kutumia data ya mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi, isipokuwa sheria nyingine imeruhusu na mwenyewe akajulishwa. Ina pia kifungu cha 63, na hapo ndipo ninapokasirika. Faini ya juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na inayochukuliwa ni ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Iliyo ndogo. Wazungu wa Ulaya walipoandika sheria yao walichukua iliyo kubwa, na ndiyo maana Mei 2023 Meta ilitozwa euro bilioni 1.2 kule Ireland. Kwa kampuni yenye mabilioni, milioni 5 ni gharama ya kuendesha biashara, kama mafuta ya jenereta. Shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Sina ugomvi na uamuzi huo, ila nataka mtu anieleze kwa nini shule ikaribie kilele kile kile ambacho jitu la mtandaoni haliwezi kukivuka.

Kilele hicho kiondolewe. Mkopeshaji anayempigia mtu asiye mkopaji ahesabiwe kosa moja kwa kila simu, na faini imfikie aliyesumbuliwa, kwa maana swali la shangazi kuhusu pesa zilikokwenda lilikuwa swali la kisheria hata kama yeye hakulijua hivyo. Ofisi za usimamizi wa fuo, zile BMU ambako wavuvi husajiliwa, zingekuwa mahali pazuri pa kubandika kwa Dholuo na Kiswahili haki alizo nazo mtu juu ya habari zake. Kwa sasa kilichobandikwa katika nyingi nilizoingia ni matangazo ya mikopo. Na kitabu cha mlangoni kifungwe. Jengo linalotaka kujua nani ameingia limpe kila mgeni karatasi yake, iingie kwenye sanduku lenye kufuli, ichomwe mwisho wa mwezi.

Niliandika barua kwa kampuni iliyompigia shangazi. Nilitaja kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data, kinachompa mtu haki ya kuona data yake iliyo mikononi mwa mwingine, na nikaomba ifutwe. Niliuliza mambo matatu: mnajua nini juu yake, mmempa nani mwingine, na mtafuta lini. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja kwa barua pepe. Walisema ombi litashughulikiwa mara watakapopokea nakala ya kitambulisho chake pande zote mbili, picha ya uso wake akiwa amekishika kitambulisho hicho, na namba zote za simu anazotumia.

Nilimsomea shangazi pale pale ufuoni. Ilikuwa Agosti, msimu umefunguliwa, na huko majini mitumbwi ilikuwa imeanza kuwasha taa. Alinisikiliza mikono yake ikiendelea kuokota takataka kwenye omena. Nilipomaliza aliuliza kama aliyeandika ametia jina lake. Nikatazama. Chini paliandikwa Idara ya Huduma kwa Wateja.

"Basi mwambie aanze yeye," alisema. "Jina lake, la baba yake, na kwao ni wapi."